Mlinzi Aliyemlilia Mama wa Kitabuni

Alitaka tumwite Maître. Zamani hizo alifundisha Kifaransa Uvira, na aliamini kwamba mtu akishashika chaki, heshima yake haichakai hata akivaa sare ya nani. Wateja wangu walimkubalia, maana wateja wangu hupenda amani wakiwa wamekalia kiti. Mimi nilimwita Mlinzi. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha hapa Durban, kulinda geti la ghala moja kule Mobeni, na kama kazi inakulisha sioni kwa nini uionee haya. Kila nikimwita hivyo alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeshikwa na jino, kisha akaendelea kunywa chai yangu.

Saluni yangu iko kwenye mtaa mmoja nyuma ya soko la Warwick. Ukisimama mlangoni, upande huu unasikia harufu ya mizizi ya waganga, upande ule mahindi ya kuchemsha. Mimi ni Mrundi, wasukaji wangu ni Wakongo, wateja wanatoka wanakotoka. Jumamosi ndiyo siku tunayojaa mpaka watu wanakalia ndoo. Na Jumamosi, kwa bahati mbaya yangu, ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Alikuja asubuhi na mapema, amechana masharubu, ameshika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha draya, kile kizuri chenye mto, akakaa humo kama kwamba kimenunuliwa kwa ajili yake. Mteja akitaka kukausha nywele, yeye alihamia kwa mguno mrefu, na mteja akiinuka tu, anarudi. Hakuwahi kunyolewa kwangu. Alisema vijana wa Durban hawajui masharubu.

Ndani ya mfuko mlikuwa na vitabu vyake. Vilikuwa vinane, vya Kifaransa, hadithi za mauaji za kuchekesha, vyote kuhusu familia moja ya vichaa wanaoishi ghorofa ya juu kabisa mjini Lyon. Aliviokota, yaani alivinunua, chini kwenye lami ya Warwick, kati ya viatu vya mitumba na rimoti zilizokufa. Durban nzima nani anauza vitabu vya Kifaransa? Yeye aliona ni Mungu amemwita kwa jina. Mimi niliona ni baharia fulani amechoka kubeba mzigo.

Familia yenyewe inaitwa Barbotin. Kuna Mama Mzee, mkubwa wa nyumba, ambaye huhudhuria misa kila asubuhi na akitoka huko hupanda tramu kuchomoa pochi za watu. Kuna binti yake, anayefumbua kesi akiwa amelala kwenye beseni la kuogea, kofia kichwani. Kuna mwanawe wa kiume, karani wa mahakama, anayezimia akiona damu hata ya kuku. Katika kila kitabu maiti inaonekana mahali pa aibu: ndani ya piano, ndani ya lifti, ndani ya friza la shule. Halafu anakuja inspekta, ambaye anampenda yule dada wa kwenye beseni, na kwa sababu ya mapenzi anamkamata yule karani, kitabu baada ya kitabu, karani asiye na kosa lolote isipokuwa kuzimia.

Hakutusomea. Angetusomea Kifaransa nani angesikia? Alitazama ukurasa, mkono mmoja juu hewani, akatoa Kiswahili papo hapo, na Kiswahili chenyewe akakitengeneza apendavyo. Tramu ikawa taxi. Inspekta akawa anasema "eish, madam" kama polisi wa hapa. Mama Mzee alipokimbia na pochi, alisimama kwanza kwenye robot kungoja taa iwe ya kijani, kwa kuwa yeye ni mtu wa sheria. Saluni ilicheka mpaka vichwa vikatikisika mikononi mwetu na mistari ikapinda. Mimi sikucheka. Sawa, ile maiti ya kwenye piano nilicheka, lakini mara moja tu.

Mnisikilize vizuri. Sikuwa na ugomvi na hadithi. Kilichonikera mimi ni kwamba mtu huyu alikuwa na mama yake mzazi, yu hai, kule Uvira, anauza ndagala, wale dagaa wakavu, sokoni, anaishi na mpwa wake, na hakuwa na mtoto mwingine duniani. Kila Jumamosi kabla ya kuanza kutusimulia, Mlinzi alimpigia simu, akaweka spika, akaiweka simu gotini, na huku mama akizungumza yeye anatafuta ukurasa alipoishia.

"Utakuja lini?" mama anauliza.

"Mwaka kesho, mama."

"Ile mwaka kesho iko ngapi sasa?"

"Tutafika, mama, tutafika." Halafu kwetu, macho yanang'aa: "Voilà! Nimeipata. Ukurasa huu hapa."

Simu inakatwa, Barbotin wanaanza. Siku moja nilimuuliza Mama Mzee wa kitabuni ana umri gani. Akanipa umri wake, mtakatifu wa siku yake ya kuzaliwa, na sababu ya kutovaa soksi. Nikamuuliza mama yake ni jicho lipi linalomsumbua, maana yule mama alikuwa ametoka kulalamika kuhusu jicho wakati huohuo, sote tumesikia. Alifikiri. Akasema, "Yote mawili, kidogo." Lilikuwa la kushoto. Nilimdharau siku hiyo, na sioni haya kusema hivyo.

Na yeye alijiona mpelelezi. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniua. Mtu akisoma vitabu vya upishi hajiiti mpishi mpaka amepika, lakini huyu kwa kusoma mauaji ya Lyon aliamini hakuna mwizi wa Durban anayeweza kumpita. "Tazama mikono," alituambia. "Uso unadanganya, mikono haijui." Mkasi wangu mzuri ulipopotea, alisimama katikati ya saluni, akaomba wote tunyooshe mikono, akaipitia mmoja mmoja na masharubu yake, kisha akasema mwenye hatia ni Aline, msukaji wangu, kwa sababu vidole vyake vinatetemeka. Aline alikuwa hajala tangu asubuhi. Alilia mpaka akatoka nje. Mlinzi akarudi kukaa, akaruka juu kwa kelele, na mkasi ukawa uko pale pale kwenye mto wa kiti, ambapo alikuwa ameukalia sura nzima ya kitabu. Hakumwomba Aline radhi. Alisema kesi ngumu huwa hivyo, jibu liko chini yako.

Habari ya Mobeni ndiyo tamu zaidi, na huwa naisimulia kila nikipata mgeni. Lori lilikuja getini mchana kweupe, lina watu wawili, halina karatasi. Mlinzi mwingine yeyote angewaambia warudi. Huyu aliwasalimia, na wale jamaa, walipoona kitabu mezani kwake, wakamjibu kwa Kifaransa. Basi. Alifungua geti. Aliwasaidia kurudisha lori nyuma, "kushoto, bado, bado, sharp," na walipokuwa wanapakia magodoro ya watu yeye alikuwa anawasimulia habari ya maiti ya kwenye lifti. Walicheka sana, alisema. Walipomaliza aliwaonyesha njia ya haraka ya kuingia barabara kuu. Bosi wake alipomuuliza watu hao walikuwaje, alijibu kwamba walikuwa watu wenye elimu.

Sijui kwa nini hawakumfukuza. Nadhani walimwonea huruma, na huruma ya namna hiyo mimi sina. Walimhamishia geti la nyuma ambako hapiti mtu, na huko akapata nafasi ya kusoma zaidi.

Sasa nifike kwenye msiba.

Katika kitabu cha tano Mama Mzee anakufa. Anakufa ndani ya tramu, amekaa vizuri kitini, na polisi wanapomfungua kiganja wanakuta kifungo cha koti la muuaji, alichokichomoa akidhani ni sarafu. Kesi inakwisha kwa kiganja cha maiti. Jumamosi hiyo Mlinzi alisimulia kwa sauti ya chini, mkono haupo hewani, na alipofika kwenye kile kifungo akashindwa. Akakunja kitabu. Alilia, jamani. Machozi yalimwingia kwenye masharubu. Na kwa kuwa kulia kunaambukiza, mteja wa kiti cha pili akalia, Aline akalia, Aline yule yule wa mkasi.

Wakati huo akaingia Mama Gloire, jirani yangu anayeuza mawigi. Mama Gloire ni mtu mwema mwenye haraka. Aliona Maître analia, aliona wanawake wanapangusa macho, akauliza kuna nini. Mlinzi mwenyewe, kwa kinywa chake, akamjibu, "Mama Mzee ametuacha." Mama Gloire akajishika kichwa, akasema pole, pole sana Maître, akatoka mbio. Mimi nilikuwa nyuma nasuuza kichwa cha mtu, maji yanakimbia. Niliporudi, nikaambiwa Mama Gloire amepita, nikadhani alitaka kuazima pini.

Jumapili, kanisani kwao, ikatangazwa kwamba Maître amefiwa na mama yake mzazi. Mnajua sisi tulivyo katika jambo hilo. Hapa ugenini mtu anaweza kukosa karatasi, kukosa kazi, kukosa chumba, lakini hawezi kukosa watu wa kukaa naye akifiwa. Mchana mimi nilipata habari nikitoka kanisani kwetu, na nilipofika kwenye fleti yake ngazi zilikuwa zimejaa viatu. Viti vya kanisa vimeshapanda juu. Wanawake wanapika maharagwe na fufu kwenye masufuria makubwa, kwaya inaimba, fanicha imesukumwa ukutani, na yeye amekaa chini kwenye godoro, shati halina vifungo viwili, wazee wamemzunguka.

Niliinama sikioni mwake. "Nani amekufa?"

"Mama Divine, nyamaza kwanza."

"Nakuuliza, nani amekufa?"

"Iko watu wametoka mpaka Pinetown," alininong'oneza. "Wameleta mchele. Sasa mi nitawaambia nini?"

Nilikwenda kwa mke wa mchungaji, nikamwambia pale pale jikoni kwamba mama wa huyu mtu ni mzima, kwamba aliyekufa ni mwanamke wa kitabu, Mfaransa, mwizi. Alinitazama na mwiko mkononi. "Weye Mama Divine," alisema, "hata kwenye kilio unaleta roho hiyo?" Hao ndio watu. Ukishakuwa na mdomo mkali, hata ukisema nyumba inaungua wanakwambia una wivu na moto.

Basi nikakaa, nikaona yote. Niliona wakimpa nafasi aseme machache juu ya marehemu, na yeye akasimama, akasema. Alisema alikuwa mama mwenye mikono myepesi. Kwamba hakuwahi kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwamba aliwapenda watu wote aliosafiri nao na hakuna aliyeketi karibu naye akabaki kama alivyokuwa. Watu wakatikisa vichwa na kusema amina. Nilikuwa nazijua sentensi zile, nilizisikia saluni kwangu Jumamosi, isipokuwa saluni zilitoka kinywani mwa inspekta. Mtu mzima alisimama mbele ya kanisa lake akamzika mchomoaji wa pochi kwa machozi ya kweli, na mama aliyemzaa yuko sokoni Uvira anafukuza nzi.

Mtu akapiga picha. Bila shaka mtu alipiga picha. Kabla kwaya haijamaliza, picha zilikuwa zimeshafika Uvira, na Jumatatu asubuhi watu wa Uvira wakafanya wanachofanya watu wenye adabu: walifika nyumbani kwa marehemu.

Marehemu alikuwa uani anageuza ndagala juani. Haya nimeyasikia kwake mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara alicheka mpaka akakohoa. Waliingia wakiimba. Aliinuka, akauliza nani amekufa.  Mmoja akamwonyesha simu. Yule mama aliitazama ile picha ya mwanawe kwenye godoro, kwa jicho lake moja zima, kwa muda mrefu, kisha akawaambia, "Mmekuja, basi kaeni." Akawakalisha. Akawapikia chai. Akamwambia kila mmoja aseme alichokuja kusema, na akasikiliza, na aliyemsifu kidogo alimwambia aongeze. Walipoondoka, akamwambia mpwa wake aitazame namba ya mwanawe katika simu, na kwamba ikipiga asiipokee. Maiti haipokei simu.

Hakuipokea. Mlinzi alipiga wiki hiyo na iliyofuata. Alituma ujumbe wa sauti wa kuomba radhi, mrefu, wenye Kifaransa ndani, ukarudi kimya. Jumamosi moja akaja bila mfuko, akasimama karibu na sinki, akaniambia taratibu nimpigie kwa simu yangu. Nilimwambia yaliyokuwa moyoni mwangu, na yalikuwa mengi. Halafu nilipiga, kwa sababu nilitaka kumsikia huyo mama.

"Ni nani?"

"Ni Mama Divine, mama, wa Durban. Mwenye saluni."

"Ah! Wewe wa nywele. Wewe nakujua, ulikuwa unapiga kelele nyuma kila mara. Nakupenda. Yule mlinzi iko hapo?"

Nilimpenda papo hapo. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwita hivyo isipokuwa mimi.

"Iko hapa, mama. Anakusikia."

"Hanisikii. Mimi ni marehemu. Mwambie marehemu ameuliza kama anakula."

"Anauliza kama unakula," nikamwambia Mlinzi, ambaye alikuwa karibu na simu kuliko mimi.

"Ninakula, mama!"

"Amesemaje?" akauliza mama.

"Amesema anakula."

"Mwambie ile picha imeonyesha mashavu yameingia. Mwambie asiseme uongo, ameshasema wa kutosha."

Na hivyo ndivyo tulivyoishi tangu siku hiyo. Kila Jumamosi mama na mwana wanazungumza, simu katikati, na mimi napeleka maneno umbali wa mkono mmoja. Yeye anajibu, mama anajifanya hajasikia mpaka nirudie. Wateja walidhani ni mchezo. Mwanzoni walicheka kuliko walivyowahi kuwachekea Barbotin, kwa kuwa yule mama hakuwa na mfano. Aliwahi kunituma nimwambie Mlinzi kwamba marehemu amekwenda harusini akacheza. Aliwahi kusema ahera kuna joto lakini samaki ni bei nafuu. Nilifikiri mara nyingi, mtu ana mwanamke kama huyu ndani ya simu yake, miaka yote, na anamkata katikati ya sentensi ili akamtafute mwingine kwenye karatasi.

Mlinzi alijaribu kitabu cha sita. Kilikataa. Alifungua, mkono ukaenda hewani, ukashuka. Mteja mmoja akamwomba ile habari ya inspekta, yeye akasema inspekta ni mgonjwa. Alianza kukonda kweli. Alianza kuniuliza maswali ambayo angepaswa kumuuliza mama yake alipokuwa anazungumza naye bure: jicho linasemaje, usingizi anapata, mpwa anampikia nini. Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia aende Uvira. Akasema akitoka nchini karatasi zake hazitamruhusu kurudi, na akitoka bila karatasi ndiyo basi, hatarudi kwenye kazi, na mama ataishi kwa kitu gani? Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo nikamwambia asikalie kiti cha draya.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulielewa. Mama alikuwa anazeeka, na alikuwa amesema hatazungumza na mwanawe tena katika maisha haya. Sauti yake katika simu ilikuwa inapungua. Kama angekufa hivyo, neno lake la mwisho kwa mtoto wake lingekuwa ni lile la zamani, la kuuliza mwaka kesho iko ngapi.

Mwaka huu, katika miezi ya baridi, Mlinzi hakuonekana kwa majuma kadhaa. Halafu akaja Jumamosi moja mchana, saluni imejaa, amevaa sare yake ametoka kazini moja kwa moja, masharubu hayajachanwa. Alisimama mlangoni kama mtu anayeleta kifurushi.

"Mpwa ameandika," alisema. "Mama hainuki tena kitandani. Mumpigie."

Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa. Nilipangusa mikono nikapiga. Ikapokelewa na mpwa, kisha kukawa na mikwaruzo ya shuka, kisha pumzi.

"Ni wewe wa nywele?"

"Ni mimi, mama. Pole. Tumeambiwa."

"Yule mlinzi iko?"

"Iko hapa."

"Bon. Mwambie ninataka matanga yangu."

Sikuelewa. Nikamwomba arudie.

"Kule Durban walinilia," alisema, na kila maneno machache alipumzika. "Walipika, waliimba. Mimi nilionyeshwa picha. Picha haina sauti. Sasa ninakufa kweli, na nikishakufa nitasikia wapi? Mwambie anililie sasa. Masikio iko bado. Niwekee ile spika yako."

Nikaweka spika. Aline akazima draya, na mwingine akazima redio. Nilimgeukia Mlinzi nikamwambia, kwa utaratibu wetu, kwamba mama anaomba matanga yake. Alikuwa amesikia. Alivua kofia ya kazi, akanyoosha mgongo, na nikaona mkono unaanza kupanda hewani.

"Alikuwa mama mwenye mikono myepesi," alianza, kwa sauti ile ya Jumamosi. "Mama ambaye hakuwahi kurudi nyumbani—"

"Mama Divine," simu ikasema. "Mwambie huyo ni yule wa kitabu. Mimi sijaiba hata sindano. Mwambie alie ya kwangu."

"Anasema ulie ya kwake," nikamwambia. Hakuna aliyecheka.

Mkono wake ukashuka.  Mtu aliyejua soksi za wanawake wa Lyon alikuwa amesimama katikati ya saluni yangu, na kuhusu mama yake hakuwa na sentensi hata moja. Nilimtazama akiitafuta, na nilimchukia, na nilikuwa nimekunja ngumi kwenye aproni nikimwombea aipate. Pumzi ya simu ilikuwa inasikika saluni nzima.

"Mvua ile," alisema mwishowe, na sauti haikuwa ile tuliyoizoea. "Mto ulipojaa. Usiku... hapana, ilikuwa asubuhi. Maji yaliingia ndani. Nilikuwa mdogo. Mama alikuwa na sufuria moja tu, ile kubwa ya chuma, ya kupikia samaki wa kuuza. Hakuwa na kitu kingine. Alinipandisha mgongoni, akaangalia ile sufuria, akaangalia maji. Akaiacha. Aliacha sufuria, akanibeba mimi." Alijifuta uso kwa kofia. "Hakuwahi kunidai ile sufuria. Basi. Ni hiyo. Sina nyingine."

 Nilisogeza sikio, nikadhani mpwa ameishiwa muda wa maongezi, au jambo lingine ambalo sikutaka kulifikiri. Nilingoja nipewe maneno ya kupeleka.

"Uongo," sauti ikasema. "Sufuria sikuiacha. Wewe nilikuweka juu ya ukuta wa kanisa, ukalia sana, nikarudi kuichukua."

Nilikwisha fungua mdomo nimrudishie, kama kawaida yetu. Kisha nikaufunga. Aline alikuwa amenishika mkono. Mlinzi aliitazama ile simu mkononi mwangu kama aliyeitwa kwa jina na mtu asiyemwona.

"Ilikuwa na ndagala ndani," mama akasema. "Ulidhani utakula nini, wewe?"

Nikampa Mlinzi simu, nikarudi kwa mteja wangu.